Habari Iliyorudi kwa Mlango wa Pili

Tulitoka Bukavu asubuhi, mimi na Papa Mulonda, bila mpango wowote. Yeye alibeba mfuko wa plastiki wenye shati, kitana na bisibisi mbili. Mimi sikubeba kitu, kwa sababu maisha yangu yote nimezoea kutoka mikono mitupu na kuokota njiani. Hakuna aliyetuaga kwenye lango la parseli, ule ua tuliokuwa tumepanga. Ndoo zilikuwa zimepangwa bombani kama kila siku, lakini wenye ndoo walikuwa wameingia ndani, na pazia la jikoni kwa Maman Nabintu, mwenye nyumba wetu, lilitikisika kidogo, kisha likatulia. Nilimuuliza Papa Mulonda, "Tunaenda wapi?" Alikuwa anatazama barabara, si upande wa kwenda bali upande wa kutoka, mahali ambapo jana yake jeep isiyo na plaque ya namba ilikuwa imesimama tangu asubuhi mpaka mvua iliponyesha. "Tuende kwanza," akasema. "Kwenye tunaenda itajionyesha yenyewe."

Nayakumbuka haya leo, nikiwa na mvi kidevuni, kwa sababu juma lililopita nilisimama kwenye kaburi lake kule Kalehe. Habari ya kifo chake ilinifikia kutoka Montréal. Nilikuwa Katana, nikifunga paneli za jua juu ya paa la watu, mwendo wa pikipiki moja tu kutoka kitandani alipofia, na aliyenipigia simu ni mtu aliyeko ng'ambo ya bahari, ambaye hatujawahi kuonana naye. Nilishuka kwenye paa nikacheka peke yangu, mpaka mwenye nyumba akatoka kunitazama, na ndipo nikalia. Papa Mulonda angeelewa kicheko kile. Kaburi lake lina msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, na jina lililoandikwa pale si Mulonda. Limeandikwa Murhula. Hilo ni jina langu mimi, na mwaka ninaousimulia ndio uliompa.

Mwaka ule niliingia Bukavu nikitokea Kamituga, nikiwa nimeacha shule zamani na kuonja kazi nyingi zisizodumu. Siku ya pili nilikuwa napita mtaa wa Ibanda, nyuma ya mabenki, nikaona mtu mrefu amesimama kwenye ngazi iliyoegemea ukuta, waya mdomoni, mikono miwili ikipapasa juu kama ya kipofu. Aliongea bila kuutoa ule waya: "Weye kijana, uko unaangalia nini? Shika ngazi." Nikashika, nikabaki mwaka mzima. Kampuni ilikuwa ndogo, ya kupeleka intaneti kwenye maofisi, mashirika na zahanati, kutoka mnara mpaka mnara, kilima kwa kilima. Yule wa kwenye ngazi, Papa Mulonda, ndiye aliyekuwa mhandisi wake. Alikuwa Mulega, kabila la kule Mwenga, amesoma Kisangani na Kampala, na alipenda kuulizwa maswali kuliko kupewa zawadi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanda minara na kuvuta nyaya. Maswali nilikuwa nayo tele.

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma kabisa, bila dirisha, na ndani yake kulikuwa na joto la feni, harufu ya asidi ya batri na mataa madogo ya kijani yanayopepesa. Aliniweka mbele ya kisanduku kimoja bapa. Mafundi walikiita ruta, na kazi yake ni kuamua kila barua, kila picha, kila sauti ipite njia ipi. "Unaona nini?" akaniuliza. Nikamwambia, mataa yenye kusinzia. "Haisinzie. Iko inaongea na benzake." Akanieleza kwamba ruta zina lugha mbili. Ndani ya nyumba yetu, yaani kati ya minara yetu wenyewe, zinatumia itifaki ya ndani, na huko kila moja inasema tu bonjour. Inayojibu bonjour imekuwa ndugu, na inaaminiwa njia zote inazozijua. "Hatuulize karatasi," akasema. Nje, kati ya kampuni na kampuni, nchi na nchi, kuna itifaki ya nje. Huko hakuna bonjour ya bure. Kila jirani anaandikwa kwa jina, watu wanapatana kwanza, ndipo mashine zinaongea.

"Na kama ya ndani inasema pita huku, na ya inje inasema pita kule?" nikauliza.

"Aaa, sasa umeuliza. Kila habari iko na namba ya kuaminiwa. Ya inje iko na vingt, makumi mbili tu. Ya ndani iko na cent dix, mia na kumi. Yenye namba ndogo njo inashinda."

"Ju ya nini mugeni anaaminiwa kupita ndugu?"

"Ju mugeni ulimuandika weye mwenyewe kwa jina. Ndugu alisema tu bonjour." Kisha akacheka, akaongeza, "Ao labda benye walitengeneza hii makina hawakukuwa na bandugu."

Tulilala parseli moja, kwa Maman Nabintu, mjane aliyepangisha vyumba nyuma ya nyumba yake na kuwalisha wapangaji kwa meza moja. Meza ile ilikuwa chini ya bati lililotoboka, na kila mtu alijua kiti chake kwa kuepuka tone. Tulikula bugali na sombe ya majani ya mhogo, siku nzuri tukapata sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na Maman Nabintu alimwekea Papa Mulonda sahani ya kwanza kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa ndiye aliyemtengenezea redio ya marehemu mume wake. Alimfundisha Mashi, lugha ya Bashi wenyeji wa Bukavu, ambayo ni yangu pia, neno kwa neno, naye hakushika hata moja ila lile la kusema asante. "Kichwa yako iko nguvu kama jiwe ya Mwenga," alimwambia. Mpangaji mwingine alikuwa Fidèle, dereva, mtu wa mzaha asiyeweza kukiacha kimya kikae mezani. Mwaka ule kimya kilikuwa kingi. Mji ulikuwa unasikiliza. Watu waliongea wakitazama upande wa Ruzizi, mto wa mpaka, ambako ng'ambo yake tuliogopa adui, walinyamaza gari lisilojulikana lilipopunguza mwendo, na kila jioni mtu alikuwa na habari kuhusu mwingine aliyemwona mwingine akihesabu taa za ng'ambo. Sikuzoea hofu ya namna ile. Kamituga, kwenye mashimo ya dhahabu, ardhi ilikuwa ikiwaangukia watu, lakini uliiona ikianguka.

Katikati ya mwaka Patron wetu, mwenye kampuni, alinunua kampuni nyingine ndogo iliyokuwa imekufa. Ilikuja na wateja wachache na mnara mmoja kilimani, unaotazama mpaka, ambao ulipokea intaneti kutoka kwa jirani wa ng'ambo ya mto. Kwa hiyo tukawa na milango miwili ya kutokea duniani: wa kwanza Ibanda, kwa sahani kubwa inayotazama angani, na wa pili kilimani, kuvuka Ruzizi. Patron alimwita Papa Mulonda akamwambia maneno niliyoyasikia kwa sababu nilikuwa juu ya dari napitisha waya. "Ingénieur, mi nataka kila kitu kionane na kila kitu. Ndani na inje, changanya." Papa Mulonda akajibu polepole, "Itaonana, Patron. Lakini mulango wa pili bado uko na jina la zamani huko inje. Kabla ya kuchanganya tubadilishe jina." Patron akasema mambo ya majina yana karatasi nyingi na yanachukua miezi. "Changanya tu. Weye uko muntu wa kujua."

Jioni ile, mezani, nilimuuliza jina lina shida gani. Akachukua maharagi akayapanga ukingoni mwa sahani. Itifaki ya nje, akasema, ina adabu moja nzuri kuliko adabu zote. Kila habari inayosafiri inabeba majina ya nyumba zote ilizopitia. Ikikurudia, unasoma majina yale, na ukikuta jina lako mwenyewe unaitupa, maana ni maneno yako uliyoyasema asubuhi, yamezunguka dunia. Ndivyo mtandao unavyojizuia kuwa mwendawazimu. Lakini sisi sasa tulikuwa nyumba moja yenye majina mawili. Habari ya ndani ikitoka kwa mlango wa kwanza, ikizunguka, ikigonga mlango wa pili, mlango wa pili utasoma majina yote na hautajikuta. Utasema: huyu ni mgeni, ametoka mbali, namba yake ni vingt. Utamwamini kuliko ndugu anayemwona kwa macho. "Basi utafanya nini?" nikasema. "Nitatia alama," akasema. "Kila habari yetu ikitoka, itatoka na alama, na mulango wa pili itakatazwa kuipokea ikirudi nayo." Fidèle akaegemea meza: "Papa Mulonda, na bibi yangu je, utamutia alama? Anatoka na jina moja anarudi na ingine." Maman Nabintu akampiga kwa mwiko, na tone la mvua likaanguka katikati ya maharagi.

Alifanya alivyosema. Alichanganya kwanza, akahifadhi, akaona kila kitu kinaonana na kila kitu. Siku iliyofuata, alasiri, akaanza kuuandikia mlango wa pili ile amri ya kukataa, akiwa mbali nao, palepale chumba cha mashine, na mimi nimesimama nyuma yake nikitazama maneno yakiingia. Ngurumo ya kwanza ilipita juu ya ziwa. Ilikuwa bado mbali, kama pipa linalovingirishwa. Anayeijua Bukavu anajua kinachofuata. Radi kwetu si hali ya hewa, ni mgeni mwenye hasira anayeujua mlango wako. Televisheni inachomolewa, simu inazimwa, kioo kinafunikwa kitambaa, na watoto wanaambiwa washuke kitandani kama ni cha chuma. Kilimani kulikuwa na sentineli wa kulinda mnara, Muzee Zihalirwa, mtu mwaminifu aliyewahi kuona radi ikiua mbuzi sita wa jirani waliokuwa wamefungwa kamba moja. Hakuna aliyehitaji kumwagiza. Ngurumo iliposikika aliingia kibandani, akavuta kisu kikuu cha kukata umeme, akakaa nje chini ya mgomba na koti lake la mvua. Mbele yetu maneno yalisimama katikati ya mstari. Papa Mulonda akangoja. Mvua ikapita, umeme ukarudishwa, mlango wa pili ukaamka, na Patron akaingia akipiga kelele kwamba jenereta inatoa moshi. Tukatoka mbio, na ule mstari hatukuurudia tena.

Kitu hiki nilikielewa baadaye, aliponieleza. Mashine ikizimwa ghafla inasahau yote ambayo hayajahifadhiwa. Mlango wa pili uliamka ukikumbuka kuchanganya, maana hilo lilihifadhiwa jana yake, na ukiwa umesahau kukataa. Ubaya wake ni kwamba hakuna kilichoonekana kibaya. Taa zote zilikuwa za kijani. Barua zilifika. Juma likapita, mwezi ukapita, mvua zikazidi, na nikawa napanda kile kilima kila Ijumaa kumpelekea Muzee Zihalirwa tumbaku. Nilikuwa nikisimama chini ya ile sahani inayotazama ng'ambo, na sikuona chochote ila ukungu.

Walioona ni wateja. Shirika moja la kuwasaidia akina mama wajawazito, lililounganishwa kwa mnara wa kilimani, lilikuwa likizungumza kila siku na materniti ndogo upande wa Katana, nayo pia mteja wetu. Sauti zao zilianza kukatika. Karani wao, kijana aliyesoma informatique, akaamuru kompyuta yake imwonyeshe njia, akakuta majina ya nyumba ambazo si zetu. Neno lililoondoka kwake kwenda Katana, kando ya ziwa lilelile, lilivuka kwanza Ruzizi, likazunguka nchi za watu, likapanda angani, likatua Ibanda kwa mlango wa kwanza, ndipo likaenda Katana. Alikuja biro, ofisini kwetu, na kompyuta yake wazi mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Wateja wengine walikuwepo wakilipa. "Ingénieur, ni kweli maneno yetu inavuka mupaka?"

Papa Mulonda alitazama, na nikamwona anavyoelewa. Macho yake yalipanda ukutani, yakaenda mpaka kilimani, mpaka ile alasiri ya ngurumo. Angeweza kusema mambo mengi. Alisema: "Ndiyo, inavuka. Ni kosa kwetu. Leo leo naitengeneza." Akaitengeneza kabla ya chakula cha mchana. Lakini watu waliokuwa wakilipa walikuwa wamesikia nusu ya kwanza, wakaondoka nayo.

Jioni, Fidèle hakungoja hata tukae. "Papa Mulonda! Basi njo weye unatuuzisha ku ng'ambo! Na mimi umenipeleka? Waliniona niko muzuri?" Tulicheka sote. Papa Mulonda mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Maman Nabintu alikuwa akiongea kwa simu na dada yake aliye Brussels, kama kila jioni, na tulimsikia jikoni akimsimulia: "Eh, dada, huku tuko na espion, mupelelezi, kwa meza! Anakula sombe yangu, kiisha anapitisha sauti zetu ng'ambo." Kicheko chake kilijaa ile jikoni. Nakumbuka harufu ya mafuta ya mawese, na namna alivyokuwa akigonga sufuria kwa kijiko akicheka. Mara nyingi nimejaribu kurudi kwenye dakika ile ili niufunge mlango.

Habari ile ilirudi baada ya muda usiofika majuma mawili. Ilikuja kama sauti iliyorekodiwa, ikipita simu kwa simu, sauti ya mwanaume asiyejulikana, nzito, yenye Kifaransa kizuri kilichochanganywa na Kiswahili chetu. Ilisema kwamba Ibanda kuna mhandisi mmoja, Mulega, aitwaye Mulonda, aliyewekwa pale kupitisha sauti za wananchi ng'ambo. Kwamba amekiri mwenyewe mbele ya mashahidi. Kwamba walioko Ulaya wana uhakika. Kwamba vijana wajue la kufanya. Nilimpelekea Papa Mulonda nikidhani atacheka. Aliisikiliza mara mbili akiwa amesimama. "Hii ni maneno ya Fidèle," akasema taratibu. "Sikia. Hata 'anapitisha' ni ya Maman Nabintu. Imetoka hapa mezani." Akanirudishia simu. "Lakini batu hawaandike majina kwenye habari inapita. Njo shida."

Meza yetu ilibadilika siku ile. Sahani yake haikuwekwa. Alikaa kitini pake, mikono magotini, na Maman Nabintu akapita nyuma yake mara tatu akimgawia kila mtu. Mwishowe Papa Mulonda alimwita, kwa heshima, kama siku zote. "Maman."

"Papa Mulonda, usiniulize."

"Maman, yale ni maneno yako. Uliambia dada yako. Nilikuwa hapa, tulicheka."

Alisimama na mwiko mkononi, na niliona usoni mwake kitu ambacho sijakiona tena kwa mtu ninayempenda: alikuwa anakumbuka, na kumbukumbu haikumsaidia. "Yangu ilikuwa muchezo," akasema. "Mi nilicheka ju sikukuwa najua. Sasa hii imetoka Bulaya. Bale beko na vyombo, banajua mambo. Watasemaje ukiwa unakula kwangu?" Fidèle, aliyeizaa ile habari kwa mdomo wake, alikuwa ameinamia bugali yake. Nilimwambia, "Fidèle, sema basi." Akatafuna, akameza, akasema bila kuinua uso, "Mimi nilisema tu mambo ya kucheka. Labda nilikuwa nasema kweli bila kujua." Nilimpa Papa Mulonda sahani yangu. Akala kidogo, kwa adabu, akasema lile neno lake la Mashi la asante kuelekea jikoni.

Baada ya hapo mambo yalisogea kama maji yanayopanda. Muuza beignet, yale maandazi yetu, kwenye kona alifunika beseni alipotuona. Motari, waendesha pikipiki za abiria, hawakumchukua, walisema mafuta yamekwisha huku injini zikinguruma. Nilimwendea Patron, nikamwomba aseme hadharani kilichotokea, neno moja tu, kwamba ilikuwa hitilafu na imekwisha. Alifunga mlango kwanza. "Nikisema ilikuwa kosa yetu, kesho kila muteja anaondoka. Mwambie abaki kwake kidogo. Mambo itapoa." Nikamuuliza kama angekuwa yeye ndiye anayesingiziwa. Akanifungulia mlango nitoke. Vijana nisiowajua wakaanza kukaa kwenye ukuta mbele ya parseli, wakicheza karata mchana kutwa, bila kelele za karata. Kisha ile jeep. Haikufanya kitu. Ilikaa tu, vioo juu, na wapangaji wakawa wanaingia kwa kuruka ukuta wa nyuma ili wasipite mbele yake. Papa Mulonda alikuwa chumbani akitengeneza redio ya mume wa Maman Nabintu, iliyokuwa imeharibika tena.

Aliyetuambia tuondoke ni Muzee Zihalirwa. Alikuja kwa miguu kutoka kilimani asubuhi ile, jua likiwaka, amevaa koti lake la mvua. Alikataa kukaa. "Ingénieur, batu wamekuya kule juu. Nilifikiri wanataka funguo ya kibanda. Hawakuuliza funguo. Wameuliza nyumba yenye unalala, na dirisha yako inaangalia wapi." Alisema hivyo akitazama miguu yake. Kisha, kama mtu anayetafuta kitu kizuri cha kumpa rafiki kabla hajaondoka, akaongeza: "Lakini vyombo vyako, usiogope. Kila radi ikilia, ata ya mbali, mimi nazima yote. Tangu mwanzo. Ata siku moja sijasahau."

Nilimtazama Papa Mulonda. Nilijua anachokijua. Alimshika yule mzee bega, akamwambia, "Aksanti, muzee. Umelinda vizuri." Hakuwahi kumwambia ile amri ilifutwa na nini. Hata mimi, miaka yote niliyopanda tena kile kilima, sikumwambia, na amekufa akiamini kwamba aliulinda ule mnara kuliko mtu mwingine yeyote, jambo ambalo ni kweli. Papa Mulonda akaweka ile redio, ikiwa inafanya kazi, kizingitini mwa jikoni. Ndipo akachukua mfuko wake, na tukatoka.

Tulitembea mpaka nje ya mji, kwa vichochoro, kisha tukapanda lori la makabichi lililokuwa linarudi tupu kaskazini. Dereva hakuuliza kitu, na kutoulizwa kulinitisha kuliko maswali. Papa Mulonda alikaa ameegemea magunia matupu, ziwa likipita nyuma ya kichwa chake, na njiani akasema: "Kama ningemwambia yule kijana 'hapana, haivuke', leo ningekuwa biro." Nikamwambia hata sasa anaweza kujifunza kusema hapana. "Mi niko muzee sasa," akasema. "Kichwa ya jiwe." Baada ya Katana mvua ilitushika, na tulipofika Kalehe dereva alisema barabara ya mbele imekatika, haendi tena. Basi hapo ndipo tulipokwenda.

Karibu na parokia kulikuwa na nyumba ya matofali yenye vyumba vya wageni, na mwanamke mnene mchangamfu, Maman Espérance, aliyetupokea kwa taulo kabla ya salamu. Alituketisha jikoni karibu na moto, akatuwekea bugali na samaki, na sahani ya kwanza akampa Papa Mulonda. Niliona mkono wa Papa Mulonda ukisita juu ya ile sahani. "Mumetoka Bukavu?" akauliza Maman Espérance. "Basi mulimuona ule muntu?"

"Muntu gani, Maman?" nikasema.

"Ule wa kupitisha sauti. Ngoja." Akafuta mkono kwenye kitenge, akachukua simu kabatini, na ile sauti nzito ikajaa jikoni, katikati ya mvuke wa bugali, ikilitaja jina la mtu aliyekuwa anakula mbele yake. Papa Mulonda aliacha kutafuna. Aliisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama anavyosikiliza feni inayotaka kuharibika. "Ndugu yangu Placide njo amenitumia, kutoka Montréal," akasema Maman Espérance. "Iko kweli kabisa. Akipita hapa, mimi mwenyewe nitaita bavijana." Akamgeukia kwa upole. "Kula, Papa. Weye unaonekana muntu muzuri. Unaitwa nani?"

Nilimjua. Nilimwona akiweka tonge chini, akinyoosha mgongo, na uso wake ukawa uleule wa siku ya karani na kompyuta yake. Alikuwa anakwenda kusema ndiyo. Nilitangulia. "Ni Papa Murhula. Mudogo wa papa yangu. Na mimi niko Murhula."

Maman Espérance akamtazama, akatutazama sote wawili, mimi mfupi na yeye mrefu. Kisha akamwamkia kwa lugha ya kwao, Kihavu, ambacho kwa aliyejua Mashi si kigumu. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Papa Mulonda hakuelewa hata neno. Nilimwona akitafuta ndani ya kichwa chake cha jiwe, polepole, na akatoa kitu kimoja alichokuwa nacho, lile neno la asante, kwa lafudhi ya jikoni kwa Maman Nabintu. Maman Espérance akaangua kicheko. "Anaongea kama Mushi mwenye alikulia mission! Karibu, Papa Murhula." Akamwongezea samaki.

Alitupa chumba chenye kitanda kimoja na mkeka, dirisha linalotazama ziwa. Papa Mulonda aliangalia dirisha lile kwa muda, kisha akavuta kitanda kidogo pembeni. Kupitia ukuta tulimsikia Maman Espérance akiongea kwa simu, sauti ya juu ya watu wanaopiga Amerika. "Placide? Huku mvua tu. Nimepata bageni. Papa mumoja anaitwa Murhula, Mushi, na mutoto wa ndugu yake. Batu ba Mungu kabisa, ungebaona."

Papa Mulonda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi. Alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu ile sauti itufikie alitabasamu, tabasamu ambalo sikulipenda.

"Umesikia?" akasema. "Habari imeshatoka. Sasa tungoje irudi. Ikirudi kutoka kule, ata mimi nitaiamini."